Redio Haikusema, Ni Mimi Nilisema

Yesu asifiwe, wapapa na wamama. Ninaona wengine wanageuka kuangalia mulango, na ninawaelewa. Siku hizi muntu akisimama kusema, kwanza tunajiuliza ni nani amemutuma, kisha tunatafuta kwa macho ni nani anaandika majina. Mimi sijatumwa. Na kama hapa iko mwenye kuandika, aanze na jina yangu. Ya wengine sitayataja.

Muchungaji ameniomba niseme kwa sababu wiki hii peke yake nimesikia habari tatu juu ya kilima yetu na watu wa ng'ambo ya muto, na zote zinaanza namna moja: "Redio imesema." Ndugu zangu, mimi neno ile ilinivunja. Ilivunja na wengine ambao hawakuwa na kosa. Basi munivumilie kidogo.

Munajua nilizaliwa hapa Bihambwe, lakini nilikulia ku Kirotshe, kwa shangazi yangu aliyekuwa anafua nguo za wagonjwa pale ku hospitali. Kule njo nilijifunza Kiswahili ya vitabu, ile ambayo redio inasema. Nilipoolewa nikarudi. Bwana yangu alikuwa karani ku shamba ya kawa, ile kahawa, ya muzungu mumoja, na huyu muzungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia redio yake, sanduku ya muti yenye batiri nzito na waya ndefu ya kutundika juu ya mukaratusi.

Siku ya kwanza watu hawakukaribia. Wazee walisimama kule ku njia. Mumoja akaniuliza, "Mama, hii kitu inasema, sawa. Lakini na sisi inatusikia?" Nikamwambia hapana, Papa. Hakuniamini. Kwa miezi mingi watu wakipita mbele ya nyumba yetu walikuwa wananyamaza. Walisema sanduku inashika maneno na kuyapeleka kwa Leta, serikali ya wazungu, ku boma. Na mukumbuke siku zile: vita ya wazungu ilikuwa imeisha, lakini mambo ya huku kwetu hayakuisha. Watu walikuwa wamebebwa na askari, wengine hawajarudi mpaka leo. Kuogopa hakukuwa ujinga.

Pole pole walizoea. Siku ya Mungu, kisha ibada, walikuwa wanakuja kukaa mu kiwanja yetu. Redio inasema Kiswahili yake ya mbali, wao hawaishiki vizuri, na mimi ninawageuzia mu Kihunde. Watu wa kilima ya pili, wale walioletwa na Leta toka Ruanda na kupewa mashamba pale ng'ambo ya muto, hao nao walikuja, wakakaa upande wao.

Hapa njo kuanguka kwangu kulianzia, na sitaficha. Nilipenda namna watu walivyonyamaza nikifungua kinywa. Wapapa wenye mvi, mimi mwanamuke, wananyamaza! Nikaanza kuongeza. Redio ikisema mvua imeharibu barabara mu inchi fulani, mimi ninasema mvua kubwa inakuja kwetu. Redio ikisema bei ya kawa, mimi ninaweka na mahindi. Vitu vidogo. Bwana yangu alikuwa ananiangalia tu.

Kisha wakaja wapimaji wa mashamba. Watu watatu na munyororo wa kupimia, na kapita, musimamizi wao, mbele yao. Hawakusalimia. Hawakueleza. Wanapiga vijiti mu udongo, wanaandika, wanaendelea. Mimi niko mu shamba yangu ya migomba, pale ambapo wazazi wa bwana yangu wamezikwa, na ninaona wamesimama kwa jirani yangu, mama mumoja wa kilima ya pili. Ninaona anawapa maji ya kunywa. Ninaona ananyoosha mukono, anaonyesha upande wa migomba yangu.

Ndugu zangu, tokea saa ile sikulala vizuri. Nilikuwa ninamwangalia akichota maji, ninafikiri anapima hatua. Akinisalimia, ninafikiri ananicheka. Watoto wake wakipita pembeni ya migomba ninafikiri wametumwa kuhesabu. Sikumuuliza hata mara moja. Nilikuwa nimeisha kujijibu.

Siku ya Mungu iliyofuata redio ilisema habari za viwanda, za barabara, na za mufalme wa kule Ulaya. Muntu mumoja wa kwetu akapaza sauti: "Mama, juu ya ule munyororo haisemi kitu?"

Wote wakanigeukia. Watu wa kilima ya pili siku ile hawakuwako, walikuwa na kilio. Nikasema, "Imesema. Imesema mashamba ya huku yatapewa watu wa ng'ambo."

Neno moja tu. Sikulia, sikupiga kelele. Niliisema namna ninavyosema bei ya kawa.

Kisha siku mbili, saa sita ya mchana, nikaona moshi. Watu wa kwetu walikuwa wamevuka muto. Walichoma nyumba ya jirani yangu na ghala yake ya mutama na maharagi. Yeye alikuwa ku shamba. Mu nyumba kulikuwa mama mukwe wake, mwanamuke muzee asiyeona. Jirani yangu alikimbia akaingia mu moto akamutoa. Muzee alipona, lakini mikono yake yote miwili iliungua, na mpaka kufa kwake hakushika tena kijiko.

Polisi wakaja. Wakauliza, "Nani amewatuma?" Watu wakajibu, "Redio." "Redio ya nani?" "Ya karani." Bwana yangu akasimama mbele ya mulango wetu akasema, "Redio ni yangu." Hakuniangalia. Wakamufunga kamba, wakabeba na redio juu ya kichwa cha muntu mwengine, wakaenda.

Na mimi nilinyamaza. Nilisimama na kikapo mukononi, nikanyamaza.

Walimupeleka mbali, mu Walikale, kutengeneza barabara ku Itebero. Mimi nikabaki. Watu wa kwetu walinipa pole, kumbe hiyo pole ilikuwa inanichoma zaidi. Wengine walianza kunong'ona kwamba bwana yangu alikuwa muntu wa Leta tangu zamani. Nikasikia, nikanyamaza tena.

Mwaka ukapita. Nikasema nitaenda kumuona. Nilitembea siku saba, nikiacha milima na kuingia mu pori, mahali jua haifiki chini. Kila kijiji waliniuliza ninatoka wapi, na nikisema Bihambwe wananiangalia mara ya pili. Ku Itebero mama mumoja, bibi ya muwindaji, alinipokea, lakini kabla ya kunipa chakula alisema, "Tumesikia kwenu kuna sanduku inayoagiza watu kuchoma nyumba. Umeileta?" Akapekua kikapo yangu mpaka chini. Hakuona kitu, njo akanipa ndizi na nyama ya pori.

Kesho yake nikamuona bwana yangu. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa kama ganda ya muti. Tukakaa pembeni ya barabara. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yeye akatangulia.

"Siku ile nilikuwa nyuma yako," akasema. "Kiswahili ninasikia na mimi. Redio haikusema neno ile."

Nikafungua kikapo, nikafunga tena.

"Nilinyamaza nikisema labda weye utasema. Nilingojea mpaka kamba. Nilingojea mpaka barabara hii."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Kwa sababu haikuwa kazi yangu kukutaja. Ni yako."

Nilirudi siku zile saba ninalia. Sikupita kwangu. Nilivuka muto, nikaenda kwa jirani yangu, nikamukuta anachambua maharagi mbele ya nyumba mupya. Nikapiga magoti nikamwambia yote.

Hakusimama. Aliniuliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Munataka nini sasa? Nisahau, bwana yako afunguliwe? Ao kuna kingine munapanga?"

Nikamwambia habari ya munyororo, kwamba nilimuona akiwaonyesha migomba yangu. Aliniangalia sana. "Waliniuliza chemchemi iko wapi," akasema. "Maji niliyowapa hayakuwatosha. Chemchemi iko nyuma ya migomba yako. Ungeniuliza."

Ungeniuliza! Mpaka leo ninasikia ile neno.

Kisha akasema, "Hapa uko peke yako na mimi. Kesho unaweza kusema hukusema. Ulinichomea nyumba mbele ya watu wote, basi sema mbele ya watu wote."

Mungu ana njia zake. Mwezi haukuisha, ikaja motokari moja ya watu wa redio toka muji mukubwa, na mashini ya kushika sauti. Walikuwa wanatembea mu vijiji kushika nyimbo na salamu. Shefu, mutawala wetu wa kienyeji, aliita vilima vyote viwili. Watu walikuja, lakini kila kilima ilisimama upande wake, na wanaume walikuwa na mapanga yao, wakisema wametoka shamba. Hakuna aliyetoka shamba siku ile.

Kwaya ikaimba. Kisha muntu wa redio, mweusi kama sisi, mwenye tai, akauliza nani anataka kutuma salamu. Nikatoka. Nikashika ile chuma ya kusemea, nikasema:

"Mimi njo bibi ya karani. Redio haikusema mashamba yatapewa watu wa ng'ambo. Ni mimi nilisema. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Niliogopa kwa sababu wapimaji walikuja na hakuna aliyetuelezea. Mama muzee aliungua kwa neno yangu. Bwana yangu amefungwa kwa neno yangu."

Muntu wa redio akataka kuninyang'anya ile chuma. Jirani yangu akasema toka kule nyuma, "Mwache amalize!" Nikamaliza.

Nilingojea jiwe, kweli. Kisha mwenye mashini, sijui kwa nini, akarudisha nyuma zile kamba za mashini zinazoshika sauti, na sauti yangu ikatoka ndani ya sanduku. Mara ya kwanza kusikia sauti yangu nje ya kichwa changu. Watu wote waliisikia mara ya pili. Yule mwanaume wa kwetu aliyetangulia kushika moto siku ile alikaa chini mu majani akafunika uso. Muntu mwengine wa kwetu akaweka panga chini. Haukuwa upatano bado, musinielewe vibaya. Lakini vilima viwili vilienda nyumbani bila kutukanana, na hiyo haikuonekana tangu moto.

Wiki tatu zikapita. Shefu alikuwa amepewa redio ku baraza, tukakusanyika kusikiliza. Kwaya ikatoka vizuri. Kisha sauti yangu: "Redio haikusema. Ni mimi nilisema. Nilidanganya." Basi. Ikaingia muziki. Habari ya wapimaji ilikuwa imekatwa. Habari ya woga, imekatwa. Redio ilijisafisha yenyewe na kuniacha mimi na matope yote.

Jirani yangu alikuwa karibu yangu. Akapiga makofi mara moja, akacheka, mara ya kwanza kumuona anacheka. "Unaona?" akasema. "Na hao wanapunguza. Weye unaongeza, wao wanapunguza. Sasa sisi tutashika nini?"

Njo pale, wapapa na wamama, tulipoanza kile munachokijua. Tulikubaliana na shefu kwamba habari za redio zitasemwa na watu wawili, mumoja wa kila kilima. Kila mumoja anasema alichosikia. Wakipatana, tunashika. Wasipopatana, tunasema hatujasikia, na tunatuma muntu kwenda kuuliza. Jirani yangu njo alikuwa wa kwanza wa upande wao. Upande wetu walinichagua mimi. Nilikataa. Yeye akasema, "Ni huyu ninataka. Huyu nimeisha kujua namna anavyodanganya."

Lakini kazi ile sikuianza mara moja. Siku ya pili ya juma lile polisi, waliosikia sauti yangu mu redio, walikuja kunichukua. Nilifungwa ku boma miezi miwili, nikifagia na kulima majani. Ilikuwa haki yangu. Bwana yangu walimufungua, akarudi kwa miguu. Na mimi mule ndani nilikuwa ninafikiri kwamba watu wa ng'ambo wameisha kuingia mu migomba. Hata pale bado nilikuwa na mashaka, muone namna hii ugonjwa inavyokawia kutoka. Nilipotoka nikakuta kweli waliingia. Jirani yangu na mabinti zake walikuwa wamepalilia yote, na kwenye makaburi ya wazazi walikuwa wameng'oa majani kwa mikono, bila jembe.

Ninamushukuru Mungu. Ninamushukuru bwana yangu aliyeningojea niseme mwenyewe. Ninamushukuru yule mama wa Itebero aliyepekua kikapo yangu kisha akanilisha, maana alikuwa na haki ya kunifukuza. Ninamushukuru mama muzee, Mungu amulaze pema, aliyeniambia kabla ya kufa, "Nilishe weye leo," nami nikamulisha kwa mukono wangu. Na jirani yangu, ambaye amenikataza kumushukuru mbele ya watu.

Sisemi mufunge redio. Redio imetuambia juu ya chanjo ya watoto, imetuambia barabara ilipovunjika, na mara nyingi ilisema kweli. Sisemi pia muiamini tu. Na mashaka siwakatazi, maana mu inchi hii asiye na mashaka hajafungua macho. Ninawaomba kitu kimoja: mashaka yenu muyapeleke kwa mwenyewe, mumuulize usoni, kabla hayajafika mu kinywa.

Basi hizi habari tatu za wiki hii, kisha ibada mimi na jirani yangu tutakaa pale inje. Kila mumoja aliyezisikia aje atuambie alizisikia kwa nani. Tutavuka muto leo hii, tukaulize wenyewe wanaosemwa.