Neno "Ndiyo"

Feri ya Likoni ilipong'oa nanga siku moja ya mwaka 1996, Mwanatatu alimsikia karani wa zahanati alikokuwa akimpeleka mwanawe kuchanjwa akimlalamikia abiria aliyekuwa kando yake.

"Kompyuta ya zahanati yetu iliniuliza swali kwa Kiingereza nisichokielewa, nikabonyeza 'ndiyo' kama kila siku. Majina na chanjo za watoto mia sita zikafutika!"

Yule abiria alishtuka. "Programu hiyo nimeitengeneza mimi, dada. Na onyo kwamba rekodi zitafutwa niliweka."

"Subhanallah! Ni wewe? Ulikuja hata siku moja ukaona tunavyoitumia?"

"Mbona inafanya kazi sawasawa?"

"Kwako!"

Mwanatatu alimkumbatia mwanawe. Kadi ya chanjo ya mtoto ilikuwa imeharibiwa na mvua. Rekodi pekee iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta ile. Kabla hajauliza kama jina la mwanawe limo kati ya yaliyofutika, feri ilitia nanga ng'ambo, na wale wawili wakashuka wakibishana.