Ambrosi Masolwa na Vigae vya Kigwa

Jumamosi tarehe 29 Juni 1957, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Bwana Ambrosi Masolwa anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya ufinyanzi ya misheni hapa Isevya, Tabora, kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi Hilari, mchomaji wa tanuri, ndiye niliyeombwa kuandika habari zake. Kazi zake karibu zote zimepita mikononi mwangu kabla ya kuingia motoni, na chungu chake nakitambua hata nikiwa nimefumba macho.

Alizaliwa upande wa Nzega katika jamaa ya wafugaji. Alikuja Tabora akiwa kijana kutafuta kibarua cha reli, akakikosa, akaajiriwa kwetu kukanyaga udongo. Haukupita muda akahamia kwenye gurudumu la kufinyangia, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwondoa. Watu wa sokoni hawakumwacha apumue. Huku kwetu chungu ni kazi ya wanawake, kwa hiyo walikuwa wakimwuliza ni lini ataanza na kusuka mikeka. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akawauzia mitungi.

Akaoa huko Kigwa, kijiji kilicho kando ya reli, na hapo ndipo mambo yake yalipoanza kunoga. Mkewe, Mama Pelagia, ni binti pekee wa Bibi Apolinaria, mfinyanzi ambaye bibi yake aliwauzia vyungu wapagazi wa misafara waliopita njia ya zamani kwenda pwani. Kigwa kuna shimo la udongo kando ya njia hiyo. Kila mfinyanzi ana sehemu yake ya kuchimba, na sehemu hiyo humwachia binti yake. Mwanamume hashuki humo. Lakini Mama Pelagia tangu utotoni hakutaka kuona tope kwenye kucha zake. Alikuja mjini kuuza khanga, na anaziuza hadi leo. Mama yake alibaki na shimo lisilo na mrithi, na jambo hilo lilimuuma sana.

Wazee wa karakana mnaukumbuka mwaka wa 1929. Kila tulipofungua tanuri tulikuta nusu ya vyombo vimepasuka. Bruda msimamizi, mtawa wa misheni, alisema kwamba hali ikiendelea hivyo mpaka mvua ziishe, karakana itafungwa na kila mtu atarudi kwao. Vyungu vya Bibi Apolinaria vilikuwa havipasuki hata kimoja. Ila kwa mila zetu mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja. Akimwona anakuja, huiacha njia akaingia porini mpaka apite. Sasa Ambrosi angejifunzaje kwa mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama usoni?

Alifinyanga chungu kizuri kadiri alivyoweza, akampa mkewe akipeleke Kigwa kwa treni. Baada ya siku chache chungu kikarudi, kimekuwa vigae ndani ya kikapu. Akapeleka cha pili, nacho kikarudi vigae. Tulidhani mama mkwe anamdharau, na Mama Pelagia alitaka kumfuata mama yake wakagombane. Kikapu cha tatu kilikuja na vigae vilivyotwangwa nusu, vingine unga, vingine chenga. Ambrosi alivishika, akavisugua kati ya vidole. Kisha akaomba kinu.

Kumbe huo ndio ulikuwa mchanganyiko wa vyungu visivyopasuka. Bibi yule hakumtumia hata neno moja. Ambrosi alitwanga vigae, akavichekecha, akavikanda pamoja na udongo mbichi. Siku tuliyofungua tanuri, vyombo vyote vilikuwa vizima. Bruda alituchinjia mbuzi, na karakana haijafungwa hadi leo.

Tangu wakati huo kazi zake zimetapakaa kila mahali. Mitungi ya maji ya kunywa pale stesheni ya Kigwa na ya Goweko ni yake. Wakati wa vita, masufuria na vikombe vya bati vilipoadimika madukani, mji huu ulipikia na kunywea vyombo vya Ambrosi, hata wale waliomwuliza habari za mikeka. Alishinda kikombe cha fedha kwenye maonyesho ya jimbo. Ndiye aliyemng'ang'ania Bruda mpaka wanawake wakaajiriwa humu, na Marcelina na Tekla, ambao sasa wanakaa kwenye magurudumu mawili ya mbele, ni wanafunzi wake.

Lakini ukitaka kujua moyo wake ulikuwa wapi, usiangalie kile kikombe cha fedha. Kila mwaka baada ya mavuno alichagua chungu kimoja, kile alichokipenda kuliko vyote, akampa Mama Pelagia akipeleke Kigwa. Kila mwaka kilirudi vigae. Bibi Apolinaria alikuwa akikigonga kwa kidole, anasikiliza, halafu anakivunja. Mara moja alituma ujumbe: "Mwambie hiki kinalia kama mtu mwenye mafua." Karakana nzima tulicheka wiki ile yote. Ambrosi naye alicheka, akatwanga vigae vyake, akavichanganya kwenye udongo wa mwaka uliofuata. Ila mimi niliyekuwa nikikaa naye jioni nilijua kwamba alikuwa anaumia. Alikuwa na mabwana wawili, mmoja wa kumlipa mshahara na mmoja wa kumvunjia, na aliyetaka kumridhisha ni huyo wa pili.

Mwezi uliopita alituma chungu cha mwisho kabla ya kustaafu. Safari hii hakukaa kwenye gurudumu. Alikijenga kwa mkono, akakisugua kwa kipande cha kibuyu kama wanavyofanya wanawake wa Kigwa, kisha akakichoma uani kwa majani na magome. Nakiri niliudhika, tanuri langu likiwa pale pale limekaa bure.

Mama Pelagia alirudi na treni ya Jumamosi. Sote tulikuwa uani. Aliweka kikapu chini, na kikapu kilikuwa kitupu.

Akasema, "Chungu chako Mama amepikia maharage. Na amesema magoti yake hayashuki tena shimoni. Ile sehemu yake ya kuchimba ni yako. Wenzake amewaambia, na wamekubali."

Bwana Ambrosi alizunguka nyuma ya tanuri, akalia huko, nasi tukamwacha alie.

Kwa hiyo msimtafute Isevya. Anahamia Kigwa, kwenye nyumba itakayotenganishwa na ya mama mkwe wake kwa ua wa matete, ili heshima ibaki palepale. Mama Pelagia amesema khanga zake haziendi kukaa jirani na tope, na kwamba ataonekana huko Jumamosi kwa Jumamosi. Baiskeli tuliyomchangia ameipokea kwa furaha, ingawa swali lake la kwanza lilikuwa kama inaweza kubeba kikapu cha udongo.

Bwana Ambrosi, karakana hii ipo kwa sababu yako, na tunakushukuru kwa mioyo yetu yote. Tunakuombea afya, magoti imara ya kushukia shimoni, na amani na mkweo ng'ambo ya ua. Kila mwaka baada ya mavuno, tuletee chungu kimoja kwa treni. Marcelina na Tekla watakigonga kwa kidole, watasikiliza, na kama kina mafua utarudishiwa vigae vyako.