Mama Vitatu, Aliyewapeleka Watoto wa Mtaa Vyuoni

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yangu mkubwa, na kwa kuwa yeye alikuwa akifuta maneno ya ziada kwenye kazi za watu, sitarefusha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya nyumba yetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akakosa chuo kikuu, si kwa alama, bali kwa kuwa aliomba kimoja tu, kile kikubwa kilichoombwa na kila mtu, akaenda ualimu, na hapo akapata kazi ya maisha yake.

Kuanzia 1988 alifundisha kidato cha mwisho, na kila likizo meza yake ya chakula ilijaa wanafunzi wanaoomba vyuo, akamtaka kila mmoja achague vitatu, cha kurukia, kilicho juu ya alama zake, cha saizi yake, na cha kulalia, ambacho hawezi kukikosa, ndipo akaitwa Mama Vitatu, na mzazi aliyekuja juu kwamba cha kulalia ni kumdharau mtoto, aliulizwa kama yeye hulala hewani. Barua ya maombi ikianza na "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto", aliikata, akisema, mwanangu, utotoni ulitaka pipi, niandikie ulichofanya wiki iliyopita.

Mwaka 1991 aliolewa na fundi umeme, shemeji yetu huyu, ambaye mpaka leo hajaambiwa alikuwa chaguo la ngapi, wakajaliwa binti mwaka 1993 na mwana mwaka 1996, wote wana kazi zao.

Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi, na wiki yake ya mwisho wodini alikuwa akisahihisha barua ya binti yangu, anayeomba kusomea uuguzi na dirisha la maombi linafungwa leo, akamwambia, nikiondoka hujatuma, usije kunililia, tuma kwanza. Alifariki Jumanne alfajiri, usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mlioleta viti na sufuria, na walimu wenzake.

Mmemwona binti yangu akiingia amechelewa, wengine mkanong'ona, haukuwa utovu wa adabu, alikuwa anatuma maombi, vyuo vitatu, na barua yake inaanza na Jumapili iliyopita, alipokuwa akimbadilishia mama yake mkubwa shuka.

Dada, imetumwa, sasa pumzika.