Mgongo wa Winchi

Kijiwe cha Mbaraka kiko Kisarawe mjini, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda stendi, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea mageti. Kina mabenchi mawili na birika la kahawa linalopanda jikoni baada ya alasiri. Wanaokaa hapo hawaitani majina ya kwenye vitambulisho. Khalfani, muuza vipuri vya pikipiki, wanamwita Rufaa kwa sababu hajawahi kukubali hukumu ya mtu yeyote, awe refa au daktari. Mzee Ambokile, aliyehamia kikazi kutoka Mbeya akastaafia hapahapa, ni Mizizi, maana hakuna ugonjwa ambao yeye hana mzizi wake nyumbani. Jabiri, aliyekuwa akiinua gunia la mihogo peke yake na kulitupa juu ya fuso, ni Winchi. Jioni hiyo Winchi alirudi kijiweni kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe mgongo.

Alikuja taratibu, mkanda mpana umembana kiuno ndani ya shati. Mkewe, Tunu, alimsindikiza mpaka kona, akamtazama anavyovuka barabara, kisha akarudi nyumbani. Jabiri alimwamkia Mizizi, akasalimiana na wengine, lakini hakukaa. Benchi lilikuwa chini mno. Akaegemea nguzo, Mbaraka akamletea kikombe pale pale aliposimama.

Kila mtu alijua ilivyoanza. Alikuwa anapakia mzigo uliotoka Kurui. Akainama, akalikumbatia gunia, na alipoinuka akasikia kitu kimekatika kiunoni, hata akadhani ni gunia limepasuka. Maumivu yakamshuka kwenye kalio, yakapita nyuma ya paja mpaka kwenye dole gumba. Akikohoa, mguu mzima unawaka.

Kijiwe kilimtibu kwa moyo wote. Rufaa aliamuru alale sakafuni. Mizizi akaleta chupa ya dawa chungu na mafuta ya kuchulia. Jabiri akachuliwa, akanywa, akalala sakafuni, na kulipokucha akarudi kwenye magunia. Mpaka siku moja alipokuwa anavuka uwani kwake, kandambili ya kushoto ikamtoka mguuni, naye akaendelea kutembea mpaka mlangoni bila kujua. Tunu aliiokota. Aliiweka mbele yake, akaenda kuvaa baibui, wakaondoka kwenda hospitali Dar es Salaam.

Huko aliingizwa kwenye mashine kama bomba. Daktari akamwonyesha picha, akamweleza kwamba kati ya pingili na pingili kuna kijimto laini, na kimoja kimepasuka, uji wake umetoka na kuugandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Kwa kuwa unyayo ulishaanza kulegea, asingemshauri angoje zaidi.

— Sasa walikukata wapi? aliuliza Rufaa.

Jabiri aligeuka, akapandisha shati, akaushusha mkanda kidogo. Kovu lilikuwa fupi kuliko kidole cha shahada. Benchi zima liliinama kulitazama, na mtu anaweza kusema kwamba liliwavunja moyo.

Rufaa hakuridhika. Alisema kovu dogo namna ile ni la kuficha kazi, na kwamba wakubwa wa hospitali hutia chuma mgongoni. Mtu mwenye chuma asisimame nje mvua ikinyesha, radi itamfuata. Jabiri akasema hakutiwa chuma. Waliondoa kile kipande kilichobana mshipa, wakashona.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Mizizi. Ule uji uliotoka ndio nguvu zenyewe. Wamezizoa, wamezitupa.

Akaendelea kueleza, kwa sauti ya mtu aliyeona, habari za bwana mmoja wa kwao aliyepasuliwa hivyo hivyo, akapiga chafya msibani, akakatika vipande viwili vya mawazo: akili ikawa inasema twende, miguu inasema bado. Rufaa akaongeza kwamba ubaya hauko kwenye kisu, uko kwenye nusu kaputi. Ile dawa haitoki. Inakaa kwenye uti wa mgongo, na mwezi ukiandama inampanda mtu kichwani. Mbaraka aliuliza kama hiyo ndiyo sababu Winchi amekuwa mpole. Wakacheka, na Jabiri akacheka nao, mkono mmoja kiunoni.

Aliwaambia kilichokuwa kweli. Alizinduka akiwa na kiu, na yale maumivu ya mguu hayakuwepo, akaogopa, akadhani mguu wenyewe haupo. Kesho yake muuguzi akamshika kwapani, akamsimamisha, naye akapiga hatua mpaka dirishani huku jasho linamtoka. Sasa anafanya mazoezi ya viungo, hatakiwi kuinama wala kujipinda, na dole gumba bado lina ganzi, na huenda likabaki hivyo. Na magunia ndiyo basi.

— Kabisa? aliuliza Mbaraka.

— Kabisa. Daktari kasema.

Hapo Rufaa aliinuka. Alisema hiyo hukumu haikubaliki, na dawa ya mgongo ni kuuzoesha mapema.

— Samaki mkunje angali mbichi, Winchi. Huo mgongo sasa ni mbichi. Ukiuacha ukauke umenyooka hivyo, utazikwa umesimama.

Mwishoni mwa benchi alikaa Onesmo, kijana aliyehamishiwa ofisi za wilaya wiki ile ile. Alikuwa hajui nani ni nani, na kahawa yake ilikuwa bado imejaa. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka tu kuifuata hadithi.

— Samahanini wazee wangu. Kule hospitali mlimkuta katika hali gani?

Rufaa alikaa. Mizizi aliangalia ndani ya kikombe chake kama vile ameona mdudu.

Jabiri angeweza kuwaokoa kwa neno moja. Angesema hospitali ni mbali, au saa za kuona wagonjwa ni chache. Hakusema. Alikumbuka alivyolala akiukabili mlango wa wodi, na kila jioni aliyeingia ni Tunu peke yake, miguu imejaa vumbi la stendi. Jirani yake wa kitandani alipomuuliza kama hana ndugu wa kiume, alimjibu kwamba wapo, wanakuja Ijumaa. Ijumaa ilipopita, akajifanya amelala.

— Tulisikia umepooza, alisema Mizizi hatimaye, kwa sauti ya chini. Kila siku tulisema twende. Sasa mtu aliyekuwa anatupa gunia, ukamkute kalala vile, utamwambia nini?

— Msingesema kitu, mzee. Mngekaa tu.

Mbaraka aliinua birika, akalitikisa, likasikika tupu. Kwa kawaida hapo ndipo watu huagana kwa kelele. Safari hii kila mmoja alibaki na kikombe kitupu mkononi.

Jabiri aliweka chake ukingoni mwa benchi bila kuinama, akipiga goti taratibu kama alivyofundishwa. Akaaga. Alisema ameagizwa atembee kila jioni kabla ya magharibi, polepole, na asikae mahali pamoja muda mrefu.

— Unatembea mpaka wapi? aliuliza Rufaa.

— Mpaka nitakapochoka.

Rufaa alivaa viatu. Mizizi naye akajiinua, akilalamikia magoti yake. Wakaishika barabara wote watatu, Jabiri katikati, na wale wawili, ambao katika maisha yao yote hawajawahi kumngoja mtu amalize sentensi, walikuwa wanapunguza hatua na kumsubiri.