Mama Severa na Mpishi Wake

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Severa Tarimo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliingia hapa Stoo Mtandao, tunakotengeneza programu za maduka, kama mchapaji, enzi ambazo kampuni nzima ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge, Mtaa wa Sikukuu, chenye kompyuta mbili, moja mbovu.

Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na ubishi. Meneja wetu, Bwana Abdulmajid, alimwambia mara tatu kwamba jambo fulani haliwezekani. Mara zote tatu likawezekana. Siku hizi akimwona anakunja mikono ya blauzi, humpisha njia.

Mwaka 2015 alituandikia programu aliyoiita Mpishi. Kabla ya hapo, kila tuliporekebisha programu ya stoo wanayotumia wateja tuliiunganisha, tukaijaribu na kuipeleka wenyewe duka kwa duka, flashi mfukoni, kutoka Kariakoo hadi Ilala. Mpishi hufanya yote kwa amri tatu: pika, onja, pakua. Kwa nini Kiswahili? Alijibu kwamba mashine imemkuta hapa.

Tatizo ni kwamba Mpishi alijua Java 8 tu, toleo la zamani la lugha ya programu, na mwaka huu maduka arobaini ya wateja wetu yalitakiwa kuhamia toleo jipya, Java 21. Meneja akatoa siku: ikifika 31 Mei Mpishi hajaijua Java 21, anatupwa na tunaleta programu nyingine kutoka nje. Yaani mama wa watu aage huku kazi yake ya miaka kumi iko jalalani! Alikataa katakata. Akatugawia sehemu za kuandika upya, na mimi Anuari, ninayeandika haya, nikapewa pakua.

Sasa mimi ni mtoto wa simu. Kwangu kupakua ni kuvuta kitu kutoka mtandaoni. Basi nikaiandika hivyo, nikaijaribu kwenye duka la vyombo la Bwana Zayed. Badala ya kupeleka programu mpya dukani, Mpishi akaivuta ya zamani kutoka dukani na kuilaza juu ya mpya. Kazi ya siku tisa ikafutika, na nakala sikuweka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Severa alimaliza chai yake kwanza. “Anuari mwanangu,” akasema, “chakula hupakuliwa kutoka chunguni kwenda kwenye sahani. Wewe umerudisha makombo chunguni.”

Zilibaki siku kumi na tisa. Angeweza kuandika yote mwenyewe kwa siku nne, sote tulijua. Hakugusa kibodi. Alivuta kiti, akaweka mikono mapajani, akanifanya niandike upya mstari kwa mstari, na kila nilipokisia aliniuliza nina hakika gani.

Tarehe 29 Mei, siku ya kupeleka programu mpya madukani, alizima simu akaenda Upanga kumtazama mgonjwa. Katikati ya kazi Mpishi akagoma. Tulihangaika, nikaliona kosa, nikalirekebisha. Saa sita mchana maduka yote arobaini yalikuwa kwenye Java 21.

Aliporudi aliuliza swali moja tu: nani amerekebisha? Nilipomwambia ni mimi, alivua kadi ya kufungulia chumba cha seva shingoni na kuiweka mezani kwangu, mwezi mzima kabla ya siku yake. Sikuona haya kulia.

Mama Severa, ahsante sana. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na maisha mema. Tukikwama, hatutakupigia simu.