Saa ya Kura

Hapa Kibomet, benchi letu limekaa kati ya kibanda changu cha viatu vya mitumba na jiko la kahawa la Salman. Ikifika saa saba mchana limejaa. Upande wa ukuta hukaa Mheshimiwa, jina lake hasa Zachary, aliyewania udiwani akapata kura kumi na moja na mpaka leo anamtafuta aliyemnyima ya kumi na mbili. Pembeni yake ni Injinia, yaani Hesbon, fundi wa baiskeli anayejua kila kitu isipokuwa breki. Katikati tunamweka Wanjala, ndiye tunayemshauri. Wanjala ana miaka thelathini na minne na anapakia magunia kwenye stoo ya mahindi ng'ambo ya barabara. Shule aliiachia Form Three kule Naitiri. Sasa stoo inatafuta karani wa mizani, na bila cheti cha Form Four atabeba magunia mpaka mgongo ukatae, kwa hivyo amejiandikisha mtihani. Siku hiyo ya Oktoba 2006 mtihani ulikuwa umebakisha wiki tatu. Alikuja mbio, barua ya bosi mkononi.

WANJALA: Bosi amejibu! Ire balua nirimwandikia mwezi wa saba. Amekubari!

MHESHIMIWA: Si nilikwambia? Ile "kwa unyenyekevu mkubwa" nilikuongezea, hakuna bosi anaweza katalia hiyo.

INJINIA: Soma bana, tusikie.

WANJALA: "Ombi lako la kupewa muda wa kusoma limekubaliwa. Utasoma saa ya kura, kama ulivyoomba."

Tukapiga makofi. Injinia akaagiza kahawa kwa wote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ni Salman tu ambaye hakucheka. Salman husoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, na neno likikaa vibaya linamuwasha.

SALMAN: Ngoja kwanza. Wewe uliomba saa gani?

WANJALA: Saa ya kura.

SALMAN: Kuweka ugali mdomoni, ama kuweka karatasi kwa sanduku?

WANJALA: Ugari! Saa saba!

SALMAN: Basi wewe uliandika ya sanduku. Na bosi amekupa ya sanduku.

Barua ikazunguka benchi lote. R ilikuwa imekaa pale L ilipotakiwa kukaa. Huku kwetu herufi hizo mbili huazimana nafasi kila siku na hakuna anayeuliza. Bosi alielewa vizuri sana, akaamua kujifurahisha. Nilimchukia hapo hapo.

INJINIA: Kwani kura ni lini?

MHESHIMIWA: Ile ya katiba, ya ndizi na chungwa, ilipita mwaka jana. Ingine ni mwaka ujao, mwisho mwisho.

WANJALA: Na mtihani ni wiki tatu! Kazi naingia asubuhi, natoka giza. Nitasoma saa ngapi mimi?

MHESHIMIWA: Tulia. Hapa kinatakikana tu uchaguzi mdogo. Si diwani wetu ana presha?

SALMAN: Unamuombea mtu kifo juu ya Hesabu?

MHESHIMIWA: Sijamuombea. Nasema tu mtu amuongezee chumvi. Wanjala anasoma, mimi naingia kwa kiti.

INJINIA: Hiyo itachukua muda. Mimi namsomea Bailojia kwa kaseti. Anavaa wokmani, anabeba akisikiza. Gunia moja, somo moja. Gunia tisini kwa siku, jioni huyu ni daktari.

WANJALA: Na Hesabu? Hesabu inaonwa, haisikizwi.

INJINIA: Tunachora kwa magunia. Yule wa mbele yako kwa laini amebeba grafu, wewe unasoma ukimfuata.

MHESHIMIWA: Ama avunjike mguu kidogo. Daktari anampa sikofu, ruhusa ya ugonjwa ya mwezi mzima, anasomea kitandani kama mtoto wa waziri.

INJINIA: Lakini mguu wa kulia. Wa kushoto ati umeungana na kichwa.

Wanjala akaanza kuutazama mguu wake wa kulia. Nami, aibu yangu, nikamwambia ninacho kiatu kimoja cha kushoto kisicho na mwenzake, kitamfaa kabisa.

Hapo ndipo Nelima alipofika na chupa yake ya kujaziwa kahawa. Nelima hushona midomo ya magunia kwenye stoo hiyo hiyo, na mtihani ni huo huo. Alisimama, akasikiliza habari za mguu mpaka mwisho.

NELIMA: Wanjala, barua uliandika mwezi wa saba?

WANJALA: Ndio, dada.

NELIMA: Na si kila siku saa saba mpaka saa nane stoo inafungwa, watu wote wanatoka?

WANJALA: Inafungwa.

NELIMA: Mimi sikuomba mtu. Nakaa nyuma ya magunia na kitabu, nimemaliza karatasi za mtihani za miaka tisa. Sasa wewe, tangu huo mwezi wa saba, saa ya kula ulikuwa unakaa wapi?

Mheshimiwa alichungulia kikombe. Injinia alikumbuka baiskeli ya mtu. Jibu nililijua, sote tulikuwa tumelikalia.

Nelima alipokea chupa yake akavuka barabara. Wanjala akauliza, polepole, ni saa ngapi.

Salman akamwambia ni saa nane kasoro dakika tano.