Karatasi za Alhamisi

Benchi letu liko nyuma ya stendi ya magari ya Koboko, hapa Arua, kati ya kibanda cha fotokopi na jiko la kahawa la Mama Candiru. Ni ubao wa nyuma wa lori, na bado una maandishi mekundu: MUNGU NI. Neno la tatu lilibaki kwa fundi aliyeukata, na huu ni mwaka wa nne tunabishana lilikuwa neno gani. Ukifika Jumatano saa tisa utatukuta wale wa kudumu. Yuko Sajenti, kwa jina la kuzaliwa Alionzi, aliyekuwa mpishi wa jeshi, ingawa ukimsikiliza utadhani ndiye aliyepanga vita. Yuko Zéphyrin, muuza vitenge kutoka upande wa Congo, ambaye tunamwita Duani kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kuwataja watu wa forodha. Na niko mimi, Karani, ninayewaandikia watu barua na kuwajazia fomu, kazi inayonipa kiburi kuliko chakula. Anguzu, muuza nguo za mitumba ambaye kwa jina la benchi ni Belo, huwa anapita tu. Jumatano hiyo alikuja na faili la plastiki kifuani, akaketi, akapiga simu kabla hata ya kutusalimu.

— Siraji! Kesho wekea mimi viti mbili ya Koboko. Ya mbele. Ndiyo, mimi na Peace, kama kila wiki. Sawa.

Kisha akanigeukia.

BELO: Karani, toa kalamu. Leo tunaandika barua ya kufukuza mwalimu.

KARANI: Salamu kwanza, mzee. Mwalimu gani?

BELO: Madam Drateru. Yule ya sayansi na Kiingereza ya Peace.

Peace ni bintiye, yuko kidato cha pili. Belo alifungua faili, akachambua, akatoa karatasi sita na kuzipanga kwenye ubao moja moja, kama mtu anayetandaza mashati sokoni. Nilivaa miwani. Zilikuwa notisi za masomo zilizochapwa vizuri, nne za sayansi na mbili za Kiingereza. Sentensi inaanza kwa heshima zake, inatembea kidogo, halafu inaingia kwenye mstari wa nukta. Inatoka, inatembea tena, inaingia kwenye nukta nyingine.

BELO: Umeona mashimo?

KARANI: Nimeona.

BELO: Sisi tulisoma namna gani? Mwalimu anaandika ubaoni, wewe unanakili mpaka mkono inalia. Kitabu inajaa. Baba yako anafungua, anaona imejaa, analala vizuri. Sasa hii, mimi nalala namna gani?

SAJENTI: Hiyo hapana lala.

KARANI: Uliuliza shuleni?

BELO: Niliuliza. Mkubwa ya shule anasema eti ndiyo mtindo. Madam anapa kila mtoto karatasi, anafundisha, na mtoto akisikia vizuri anajaza neno pale pale darasani. Sawa, nimekubali. Sasa mbona ya Peace iko wazi? Peace haina shida ya akili. Maana yake madam anagawa karatasi, halafu analala!

Nakiri hoja ilisimama. Hata mimi sikuona pa kuitoboa.

CANDIRU: Na mtoto mwenyewe, ulimuuliza?

BELO: Nilimuuliza. Alisema, "Hakuna kitu, baba." Akakunja karatasi, akaenda kuosha sahani.

CANDIRU: Basi hakuna kitu.

BELO: Mama Candiru, wewe pika kahawa. Kamati ya wazazi inakaa Ijumaa. Huyu madam serikali haimlipi, tunamlipa sisi wazazi. Barua ikifika na sahihi ishirini na mbili, anafunga mizigo. Mimi nimepata watu kumi na tisa wanakubali. Nyinyi hapa ni watatu.

KARANI: Na Peace?

BELO: Peace namtoa. Shule ya mashimo ya kazi gani? Atakaa na mimi kwa biashara, Koboko. Yule mtoto anaongea Kikakwa, Kilingala, na Kiarabu ya Juba. Mteja akija anasalimiwa na lugha ya mama yake, ataenda wapi? Siku niko peke yangu, watu wanashika tu suruali wanaacha.

Candiru aliweka vikombe chini kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Mimi nikatoa kalamu. Barua ni barua, na mimi ndiye mwandishi. Lakini benchi letu haliwezi kutia sahihi kitu ambacho halijakitafuna.

DUANI: Mie nasema hivi. Madam hana makosa. Hii ni mambo ya duani.

SAJENTI: Duani imefikaje kwa karatasi ya mtoto?

DUANI: Ngoja. Wewe unatoka na mizigo yako mia. Unafika kwa mupaka, unavuka na sitini. Arobaini imebaki kwa ile watu. Hii maneno pia ilitoka mahali ikiwa yote. Kuko mutu katikati. Uliza maneno ingine iko wapi, na iko kwa nani!

BELO: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu madam haachi ufa tu, anachapisha ufa!

SAJENTI: Kabisa. Na mficha uchi hazai.

Nilimtazama, maana Madam Drateru ana watoto wanne na wote wazima. Ila Sajenti akishafyatua methali haendi kuiokota.

SAJENTI: Nyinyi hapana jua. Hii ni kodi, maandishi ya siri. Sisi jeshini tulikuwa na ramani, pahali pa maana wanaacha nyeupe. Adui akiiba ramani, anaona nyeupe tu.

KARANI: Adui wa Madam Drateru ni nani?

SAJENTI: Hiyo pia iko nyeupe.

DUANI: Hapana, Sajenti, ile ni ya zamani. Sasa ni makompyuta. Mashine ya Wazungu imeshasoma vitabu yote, imebakia na njaa. Inataka akili ya mutoto. Basi wanatuma karatasi yenye kutoboka, mutoto anajaza, madam anapiga picha na simu, puu! Jibu ya Peace iko Ulaya.

BELO: Lakini Peace hakujaza!

DUANI: Ndiyo! Mutoto ya akili. Alikatalia mashine.

Hapo nikaona tukiendelea tutafika mwezini, na barua haijapata hata tarehe. Nikachukua karatasi ya juu, ya sayansi, nikawatafsiria: "Moyo wa binadamu una vyumba..." nukta. "Damu chafu huingia upande wa..." nukta.

SAJENTI: Vyumba mbili. Moja ya bibi, moja ya siri ya jeshi.

DUANI: Ya mutu ya Congo iko tatu. Ya ine watu ya duani walikamata.

CANDIRU: Nne.

Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anaponda tangawizi.

CANDIRU: Kila Jumamosi mimi nasafisha moyo ya mbuzi. Juu mbili, chini mbili.

SAJENTI: Mbuzi na binadamu wapi na wapi, mama?

CANDIRU: Mbuzi hapana bisha. Ingine yote ni moja.

Tulibishana upande wa damu chafu kwa muda wa vikombe viwili. Sajenti aliweka mkono kifuani, akauhamisha, akasema jeshini walikuwa wanaapa upande huu. Belo mwenyewe alisahau hasira, akataka kujua hiyo damu ikishaingia inatokea mlango gani. Na mimi, ambaye nilipokuwa nasoma Koboko niliuchora moyo huo kwa kalamu ya bluu na nyekundu, nikanakili kurasa tatu nzima na kupigwa alama ya vizuri sana, sikukumbuka hata chumba kimoja. Kumbe kilichojaa kilikuwa kitabu. Nikafuta miwani, maana mtu unalinda jina lako.

BELO: Karani! Barua!

Nikaandika. Naijua kazi yangu: "Sisi wazazi tuliotia sahihi hapa chini tunasikitishwa na mwalimu anayegawa karatasi bila kufundisha, na tunaiomba kamati imwondoe." Nikawasomea, wakasema nzuri. Duani akatia sahihi yenye mikia mitatu. Sajenti akaandika jina, namba ya jeshi na cheo ambacho hakuwahi kupewa. Ikabaki yangu.

Wakati huo akafika dada mmoja tusiyemjua, mwenye hijabu ya kijani na kisanduku cha bluu cha barafu begani. Alisema anaitwa Afisa, jina si cheo, anapeleka chanjo Omugo, na gari lake linajaza mafuta. Akaomba kahawa. Tukamsogelezea nafasi mwisho wa ubao, akaketi juu ya NI.

SAJENTI: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dada, wewe umesoma. Angalia mambo ya huyu mwalimu.

AFISA: Naweza kuona, wazee?

Belo akampa zile karatasi sita na mashtaka yote tangu mwanzo. Dada alisikiliza hadi mwisho. Nilichoona ni kwamba macho yake hayakwenda kwenye mashimo kama yetu. Yalikwenda juu, kwenye kona ya kila karatasi, na kushuka, na kwenda juu tena.

AFISA: Baba Peace, hizo zingine kwenye faili ni za nani?

BELO: Za Peace pia. Hizo imejaa. Haina kesi.

AFISA: Naomba nizione.

Belo akampa, kwa uso wa mtu anayepotezewa muda. Zilikuwa nyingi, ishirini na kitu. Na kweli zilijaa. Kwenye kila mstari wa nukta kulikuwa na neno kwa mwandiko mdogo wa wino wa bluu, pengine limekatwa na kuandikwa lingine juu yake, pengine kuna swali pembeni. Kwenye moja alikuwa amechora mbu, na mbu ana macho makubwa. Dada alizigawa haraka haraka, rundo huku, rundo kule, kama mtu anayechezesha karata, mpaka wote tukaacha vikombe kumtazama.

BELO: Dada, hii kazi umefanya wapi?

AFISA: Mimi kila siku nashika kadi za watoto za chanjo. Nikipata nafasi wazi, siulizi kadi. Naangalia tarehe, halafu nauliza mama.

DUANI: Tarehe inasema nini?

AFISA: Hizi zenye kujaa ni za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Hizi sita, zote ni za Alhamisi.

Akazipanga vizuri kingo kwa kingo, akazirudisha mikononi mwa Belo kwa mikono miwili.

AFISA: Alhamisi mtoto anakuwa wapi, baba?

Aliuliza bila ubaya wowote, kama anavyowauliza akina mama wa Omugo. Hakuwepo wakati Belo anapiga simu. Sisi tulikuwepo. Sajenti akainamia kikombe chake, akakichunguza ndani kana kwamba kuna ramani. Duani, ambaye siku zote ana watu wa forodha wa kuwatupia lawama, safari hii hakuwataja. Mimi kalamu ilikuwa bado juu ya mstari wa sahihi yangu, nikaifunika kifuniko. Niliona aibu, yangu na ya Belo pamoja, maana simu ile niliisikia kwa masikio haya na bado niliandika "bila kufundisha" kwa mwandiko wangu mzuri.

Gari la dada likapiga honi. Akamshukuru Candiru, akatuaga kila mmoja kwa heshima, akaondoka na kisanduku chake.

Belo alianza kurudisha karatasi kwenye faili. Hakuzitia ovyo. Alizipanga kwa tarehe, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, halafu ile wazi, ambayo bila shaka madam alimwekea mtoto mpaka arudi, halafu Ijumaa. Alipofika kwenye ile ya moyo alikaa nayo.

BELO: Alisema, "Hakuna kitu, baba."

CANDIRU: Alisema.

BELO: Mwezi na nusu anasema hivyo tu.

SAJENTI: Na barua, Belo? Mimi nimeshaweka cheo pale.

Barua yenyewe nilikuwa nimeikalia. Candiru akaja na birika, akammiminia kikombe ambacho hakukiomba, akasimama hapo hapo karibu yake. Belo hakukigusa. Akatoa simu mfukoni, akaishika muda mrefu kabla ya kubonyeza.

— Siraji. Ile ya kesho, weka kiti moja.

Upande wa pili Siraji alisema kitu, tukasikia sauti yake bila maneno.

— Hapana, si mgonjwa. Kesho iko na shule.